Ombi Nililolifanyia Mazoezi

Tarrant Bend, Alabama

Mdogo wangu mpenzi Odessa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu, nikitumaini kwamba hapo Detroit mnaamka salama na goti la shemeji Clyde limepata nafuu tangu apasuliwe. Sisi huku tu wazima. Joto limewahi mwaka huu, bamia zimeota bila kubembelezwa, na Shemasi Purvis bado anasinzia kwenye mahubiri, akizinduka anaitikia Amina pasipo mahali pake.

Uliponiuliza kwenye simu kwa nini Renita amehama kwangu, nilikujibu kwamba vijana wa siku hizi wanapenda kujitegemea. Kijana gani, Odessa, na mwanao ana miaka arobaini? Nilikuficha ukweli.

Renita ameniambia kwamba Jumapili alikupigia akakueleza mwenyewe habari za pombe, jinsi alivyokunywa baada ya talaka na jinsi alivyoacha. Kwa hiyo sasa sivunji siri. Ila hakukuambia ni nani aliyeitangaza mjini. Amesema hiyo ni kazi yangu.

Mimi alinieleza zamani, jikoni, tukichambua mboga, akanisihi nisimwambie mtu. Akapata kazi ya kulea watoto kwenye chekechea, na kanisani akajiunga na darasa la akina mama, lile nililokuwa nikilifundisha tangu marehemu mume wangu akiwa hai. Yeye akiomba, haombi kwa madoido. Anaongea na Mungu kama mtu anayeongea na jirani yake uani. Wanawake wakaanza kumfuata yeye baada ya ibada, mimi wananipita na salamu tu. Ndipo Mchungaji Gadsden akaniita, akasema kwa upole, "Mama Vernell, mzigo huu umeubeba siku nyingi. Unaonaje tukimpa Renita darasa, nawe upumzike?" Nikasema Mungu asifiwe. Nilitabasamu mpaka mashavu yakaniuma.

Jumatano iliyofuata, kwenye ibada ya maombi, nilisimama nikatoa machozi. Nikasema, "Wapendwa, niombeeni mwanangu Renita, yule shetani wa chupa asimrudie tena." Renita mwenyewe alikuwa amekaa nyuma yangu. Lurleen, unamjua, mdomo wake hauna mlango, akadakia, "Chupa gani tena, Vernell?" Wiki haikuisha kabla wazazi hawajaanza kuwaondoa watoto wao chekechea, na Renita akaambiwa asirudi kazini.

Kila aliyeniuliza nilimwambia ulimi uliniteleza kwa uchungu. Hata Renita nilimwambia hivyo. Akanitazama, akasema taratibu, "Mama mkubwa, ulifanya mazoezi. Nilikusikia bafuni." Akafunga mizigo yake.

Ni kweli, mdogo wangu. Nilifanya mazoezi. Hata mahali pa kulia nilikuwa nimepachagua. Nilimwonea wivu mtoto uliyemzaa wewe, mtoto niliyembeba mgongoni, na wivu wenyewe nikauficha ndani ya maombi, ambamo nilijua hakuna atakayethubutu kuutafuta. Miaka yote hii nafundisha wenzangu kukua katika imani, kumbe mwenyewe bado natambaa.

Nilisimama tena kanisani nikayasema haya mbele ya wote. Purvis akanivuta sketi, "Kaa chini, dada, unajiaibisha!" Nikamjibu kwamba hicho ndicho kilichonileta. Nilikwenda pia kwa mkuu wa chekechea, lakini kazi hakumrudishia.

Renita alinisikiliza mpaka mwisho. Amesema amenisamehe, ila kuishi kwangu hatarudi. Darasa amelikubali, nami nakaa humo kama mwanafunzi. Juzi akaniomba nifunge kwa sala. Nilisimama, na yale maneno yangu yote mazuri yakanikimbia. Nikasema, "Bwana, unanijua," nikakaa. Lurleen akacheka, "Leo Vernell umekatika umeme?" Renita hakucheka. Aliitikia Amina.

Ukinikasirikia una haki. Sitakupigia simu, nitangoja wewe unipigie, hata ikichukua muda. Msalimie sana shemeji, na jirani zako wote wanaonikumbuka. Bwana akulinde.

Ni mimi dada yako,
Vernell