Beseni la Divai

Kaka Zachariah,

Tumerudi salama hapa Richfield, Marekani, kutoka Ugiriki. Bibi Eleni, yule mzee ninayemtunza, alitaka kukiona tena kijiji chao: nyumba za mawe juu mlimani, mbuzi hadi mlangoni mwa kanisa. Huko mifupa ya wafu hufukuliwa na kuoshwa miaka michache baada ya mazishi. Eleni aliosha ya dadake kwa divai, mimi nikamshikia beseni. Akaniuliza, "Na mamako alizikwa na nani?"

Mama alipokufa niliwaambia sina makaratasi ya kusafiri. Nilikuwa nayo, kaka. Niliogopa kumwona ndani ya sanduku.

Ulisema Desemba mtalijengea kaburi lake kwa saruji. Ningojeeni. Nataka kuichanganya hiyo saruji mwenyewe, hata kama hamtanisemesha.

Mdogo wako,
Moraa