Vidole Vitatu vya Mto

Baba,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya ukuta wa barazhi, bwawa letu la umeme, pale ulipokuwa ukiweka termosi yako ya chai. Grisi imenichafua kitenge, na najua ungecheka. Ulisema kazi ya vani, ya kufungua na kufunga lango la maji, haimtaki mtu anayependa nguo zake.

Tangu tukuzike, mvua zimekuja na kwenda, na sasa ni kiangazi. Mashine ya unga inazunguka, taa za zahanati zinawaka, watu wa Lusangi wanachaji simu zao kama zamani. Kamati ya barazhi ilinipa ufunguo wako wa vani kwa kuwa hakuna mwingine aliyeijua kazi. Lakini kuna jambo linanilemea, na sina mwingine wa kumwambia.

Unakumbuka vidole vitatu? Kila kiangazi, bwawa likipungua na kila mtu akilia maji, wewe uliinua vani kidogo, ukalaza vidole vyako vitatu kwenye kile chuma kinachopanda nayo, kupima uwazi, ukasema hiyo ndiyo haki ya mto. Maji yakapita chini bila kukatika mpaka mvua zirudi. Nilipokuwa mdogo nilikuuliza kwa nini tunayamwaga. Ukanijibu, "Na mu mutoni iko wenyewe, mama." Yaani hata mtoni kuna wenye maji yao. Uliniita mama hata uliponigombeza. Kisha tukashuka hadi jiwe la kufulia, ukanionyesha kambare wadogo wamejificha kwenye majani. Uliwatania sana watu wa Kabambare: eti wamembeba kambare katika jina la kwao, lakini wakiambiwa wamwachie maji wananuna. Wewe mtu wa Nyangwe, uliyekulia kwenye Lualaba, ungeweza kukidharau kijito chetu hiki. Hukukidharau hata siku moja.

Basi kiangazi hiki mwenyekiti mpya wa kamati alifika kwa pikipiki kutoka Kabambare. Akaona maji niliyoyaachia kwa kukisia yanapita chini ya vani, akasema yanapotea bure. Nami nikafunga, Baba. Sikubishana. Niliogopa kunyang'anywa ufunguo wako. Nikazungusha gurudumu la vani mpaka mwisho, tena kwa haraka, mimi uliyenifundisha kufunga polepole ili samaki wapate muda wa kurudi kwenye kina.

Asubuhi yake akaja Mama Sauda, yule jirani anayevua na wenzake kwa mabeseni na vikapu. Hakunipigia kelele. Alinionyesha tu kambare wadogo aliowaokota kwenye matope, wamekauka. "Babako alikuwa anatuachia maji," akasema, akaenda zake. Nililia. Nililia kuliko siku ya mazishi yako.

Kamati ilipokutana, nilisimama. Nikawaambia kwamba mashine yenyewe hulala Ijumaa adhuhuri kwa sababu ya sala na Jumapili asubuhi kwa sababu ya misa, na hakuna anayekufa njaa. Nikawaambia kwamba miaka yako yote vidole vitatu havikuwahi kuizima. Halafu, sijui ujasiri ulitoka wapi, nikaurudia utani wako wa kambare. Mwenyekiti akacheka mpaka akapangusa macho. Akasema sawa, vidole vitatu vya mzee virudi, lakini visizidi.

Nikarudi hapa mbio, nikainua vani, nikalaza vidole vitatu. Siku ya kwanza maji hayakufika kwenye jiwe la kufulia. Ya pili hayakufika. Ya nne nikaanza kuamini kwamba mto umetukasirikia, au wewe umenikasirikia. Mama Sauda ndiye aliyenishika mkono, akaugeuza huku na huku, akaniuliza, "Huu mukono yako na ya babako, iko sawa?"

Mkono wako, Baba. Ule uliofunika uso wangu mzima uliponifuta makamasi. Siku nne nimekaa napima kwa haka kakono kangu, na wala sikuwaza.

Niliinua polepole, nikashuka kutazama, nikapanda tena, kama tulivyofanya zamani, ila safari hii sikuwa na mtu wa kunimiminia chai nikifika juu. Jiwe lilipolowa mpaka kwenye ule ufa wake, nikalaza mkono kwenye chuma. Vidole vyangu vinne kamili.

Sasa nimechonga kipande cha mti chenye upana huo huo na kukifunga kwenye gurudumu kwa kamba, ili atakayeshika ufunguo baada yangu asikisie. Nakuahidi, mradi nina nguvu ya kuzungusha gurudumu hili, mto hautapunjwa tena, na sitafunga kwa haraka.

Pumzika, Baba. Kesho mwenyekiti anakuja kukagua. Akiuliza kipimo, nitamwonyesha kile kipande cha mti na kumwambia ni vidole vitatu. Ni vya nani, alishasema mwenyewe.

Mwanao,
yule uliyemwita mama