Aliyeshika Ncha ya Pili

Mwanangu Athumani,

Video uliyonitumia nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyotaka dada yako ajue. Nimeiona vuli ya huko Marekani, miti imegeuka rangi ya kutu, na maji ambayo hata kwa macho yana baridi. Umenieleza kwamba samaki wa milia huteremka na pwani msimu huu wakiwafuata vidagaa, na kwamba mkubwa wao hadanganyiki na chambo kilichokufa. Hayo nimeyaelewa. Chewa wa Wakrah, huku kwa Waarabu, nao ndivyo walivyo.

Kisha nikamwona mama mkwe wako, amevaa mabuti ya mpira hadi kiunoni, ameshika ncha ya pili ya wavu. Nikakusikia ukimwambia kwa Kiswahili, "Inua, mama."

Nimesoma mengi kuhusu wivu katika miaka yangu ya ugenini, na siku zote nilidhani ni maradhi ya wapenzi. Sikujua kwamba unaweza kumshika mtu mzima kwa sababu ya vidagaa.

Unakumbuka tulivyokuwa tukienda Wakrah joto likishavunjika, mimi na wewe, na leso yangu kuukuu? Wenzetu walinunua chambo sokoni. Nikakuambia kwamba kwetu Vanga wanawake hawanunui dagaa, wanatanda: wawili wanashika nguo huku na huku, maji magotini, wanatembea wameinama. Ulikuwa umeshanipita kimo na ukaona haya.

"Mama, watu wanatuangalia."

"Wanaangalia leso. Wewe una nini cha kuangaliwa?"

Nilikuonyesha pa kutafuta: pale maji yanapotetemeka kama yananyeshewa manyunyu na mbingu ni kavu. Nikakufunza kulowesha mikono kabla ya kuwagusa, wasibanduke magamba, na kuwaweka kwenye beseni la duara, kwa sababu penye pembe hujazana wakafa. Ila kwenda pamoja ndiko kulikokushinda. Ulivuta mbio, leso ikaenda upande, na dagaa wote wakatoroka kwa upande wangu. "Baba, haya si mashindano," nikakuambia. "Usiwatazame samaki. Nitazame mimi, nikitikisa kichwa tuinue."

Ukajifunza kunitazama. Siku moja, kabla sijatikisa kichwa, ukasema mwenyewe kwa sauti ya chini, "Inua, mama." Tulipoinua, leso ilikuwa nzito, inametameta, na wewe ulicheka hadi ukakaa majini na nguo zako.

Ijumaa iliyopita nilikwenda na dada yako. Alikuwa ametoka kazini amechoka, namshukuru kwa kukubali. Kitu kikamgusa mguu, akainua upande wake peke yake. Tukapata kamba wawili na mfuko wa plastiki.

"Mama, sokoni wanauza," akasema. "Tena wameshakufa, hawasumbui."

Nilicheka naye, lakini njia nzima ya kurudi nyumbani Wukair nilikuwa nakufikiria wewe, na mama mkwe wako. Laiti mama yule angekuwa hajui kutanda, ningelala vizuri. Lakini nimemwona. Havuti mbio. Hawatazami samaki, anakutazama wewe. Umemfundisha vyema, na hilo ndilo linalonichoma.

Umeniandikia nije vuli ijayo, eti utaniwekea kiti ufukweni, na blanketi, niwatazame mkitafuta chambo. Kuja nitakuja. Magoti yananiuma kwenye ngazi tu, majini hayana neno. Kiti hicho mpe mama mkwe wako, na blanketi umfunike vizuri, maana huko kuna baridi. Mpe na salamu zangu. Mwambie nimeshukuru sana kwa kunishikia ncha yangu.

Ubaki salama, na watu wa nyumbani kwako wote.

Ni mimi,
Mama yako wa kukuzaa