Uongo wangu kwenye redio ya upepo

Kichiwa, Jumanne jioni

Sijamwambia mtu yeyote: leo nimemdanganya daktari.

Daktari yuko Njombe na bibi anajua Kibena tu, kwa hiyo nesi wa zahanati yetu, mgeni asiyejua Kibena, alinipa mimi redio ya upepo, ile ya kubonyeza ndipo useme, nitafsiri. Bibi alitaka kwanza daktari asalimiwe, yeye, mkewe na mahindi yake. Nikasema, "Kamwene," salamu yetu, kisha "ova," yaani nimemaliza, zamu yako. Daktari akaitikia yote, kisha akauliza bibi alipata choo lini.

"Siku sita sijapata," bibi akasema. "Mwambie, usione haya. Na yeye huenda chooni."

Lakini redio hiyo inasikika zahanati zote, na nesi wa zahanati ya Uwemba ni mama yake Neema wa darasani kwetu. Nikasema, "Jana. Ova."

Daktari akasema basi ni gesi tu, anywe chai ya tangawizi.

Sasa tumbo la bibi limekuwa gumu kama ngoma na ugali ameukataa. Naogopa. Kesho asubuhi nitarudi kwenye redio niseme siku sita, hata Neema akisikia, hata...

Nasikia fimbo ya bibi inakuja mlangoni. Daftari hili silifichi tena. Hajui kusoma, itabidi nimsomee mwenyewe, kwa Kibena.