Mkoromo katika Spika za Mzee Shaabani

Jumatatu, 11 Novemba 2024

Wewe uliyefungua ukurasa huu — tafadhali, ufunge. Na kama umeshasoma, basi yabaki moyoni mwako. Usimwambie mtu, hata kwa utani. Nina chumba kimoja tu hapa Gasenyi, sitaki kukipoteza kwa sababu ya mdomo wa mtu.

Mzee Shaabani, mwenye nyumba, alinisubiri getini nilipotoka kazini. Muziki wake unakoroma! Krrrr — tak! Kisha kimya. Kisha tena, katikati ya wimbo. Anasema kabla sijahamia hapa spika zilikuwa safi. Kwa hiyo ni mimi na ordinateri yangu, kompyuta ya kazi.

"We karani, mi sina chuki na mutu. Lakini Jumapili madereva wenzangu wa malori wanakuja kusikiliza rumba. Ikikoroma mbele yao, unabeba godoro lako!"

Nikajibu, ndiyo Mzee. Magoti yalitetemeka. Nitahamia wapi? Mafuta hakuna, mabasi hakuna. Kutoka hapa angalau nafika ofisini kwa miguu.

Jumanne, 12 Novemba

Ordinateri nimeiacha ofisini. Mvua ya jioni — na krrrr! Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Mzee akasema basi ni simu. Nikazima simu. Krrrr!

Valéry, lokateri mwenzangu anayepanga chumba cha pili, alicheka hadi akashika ukuta. "Ni we mwenyewe! Zima moyo!" Halafu akasema ni antena ya Mzee imelowa, maana kelele huja na mvua. Inawezekana.

Jumatano, 13 Novemba

Si mvua! Leo ilikatika mchana, antena ikakauka, mkoromo ukabaki. Kilichobaki baada ya mvua ni baridi. Lakini ni kitu gani kinachoamka kwa baridi? Nani ana mashine ya joto Bujumbura?

Nikakumbuka fizikia ya sekondari: cheche ya umeme husikika redioni. Nikachukua redio yangu ndogo ya betri, nikaiweka pasipo na stesheni, nikazunguka ua wote wa parseli. Shaaaa... Kila spika zilipokoroma, redio nayo ilikoroma. Chooni, hafifu. Jikoni, zaidi. Kwenye stoo ya Bi Adija, mke wa Mzee — ikapiga kelele kama imeumwa!

"Mapadri wanafukuza mashetani na maji," Valéry akapaza sauti, "we unatumia redio?"

Bi Adija akatoka mbio, akafunika kufuli kwa kiganja. "Apana, mwanangu. Humu kuna makaa tu."

Makaa hayatoi umeme. Nikakimbilia chumbani.

Alhamisi, 14 Novemba

Bi Adija kaniita mwenyewe, Mzee akiwa mjini. Ndani ya stoo, nyuma ya magunia: sanduku lenye balbu mbili na kidude kinachoziwasha joto likishuka. Kuvezi! Mayai yamejipanga humo yakingoja kuanguliwa. Aliyatia wiki ileile niliyohamia.

Mwaka jana kuku wa Bi Adija aliingia kwenye tundu la spika kubwa, akataga humo, akachana karatasi ya ndani. Mzee akaapa: hakuna kuku tena katika parseli yake, hata mmoja.

"Nikitaka hata sabuni, ni kumwomba Mzee hela," alisema. "Nimechoka kuomba, mwanangu. Zimebaki siku chache tu yaanguliwe. Usiniuze."

Nikisema, nabaki na chumba changu, na yeye anapoteza mayai. Nikinyamaza, ni godoro kichwani.

Ijumaa, 15 Novemba

NIMEWEZA!

Niliomba ruhusa ofisini — mimi! — nikanunua kondansateri kwa fundi wa redio: kijidude cha kumeza cheche. Mzee alikuwa msikitini. Nilichomoa waya ukutani, nikahakikisha, nikahakikisha tena. Bi Adija aliyafunga mayai kwenye kitenge, akayakumbatia tumboni yasipoe.

Waya mmoja ulikuwa umelegea kwenye kile kidude. Ndio ulikuwa ukirusha cheche. Nikaukaza. Nikatia kondansateri.

Tukawasha. Tukafungulia rumba ya Mzee mwenyewe. Balbu zikazima, zikawaka, zikazima — spika kimya, safi! Bi Adija akaanza kukata kiuno.

"Mama, mayai!"

Jumapili, 17 Novemba

Wamekuja, wazee sita wa malori. Rumba ilitoka kama wapigaji wako sebuleni. Hakuna mkoromo hata mmoja! Mzee akanisimamisha mbele yao. "Huyu ndiye! Karani wangu! Godoro lake halitoki hapa!"

Akauliza tatizo lilikuwa nini. Waya ulilegea, Mzee. Si uongo. Wazee wakataka kujua nilivyoutafuta, nami kwa kiburi changu nikawaonyesha redio na jinsi ya kufuata sauti. Valéry alipiga makofi.

Kisha, kati ya wimbo na wimbo: pi.

Pi-pi. Pi-pi-pi-pi!

Mzee akainua mkono. "Munasikia? Imerudi! Tena imebadili sauti!"

Akachukua redio yangu. Sasa anazunguka parseli nayo, wazee nyuma yake kwa mstari, kama nilivyowafundisha. Redio inasema shaaa tu, kifaranga hatoi cheche, lakini masikio yao ni mazima. Wamepita choo. Wamefika jikoni. Bi Adija amesimama mlangoni mwa stoo, ufunguo kifuani. Ananitazama hapa dirishani — na anacheka!

Magoti yangu yametulia. Ajabu! Nikimaliza kuandika, nakwenda kusimama naye.

Ukikuta chumba hiki kitupu: teremka Kinama, uliza kwa dada yangu Bella, anayeuza maandazi. Usitaje karani, hawanijui kwa jina hilo. Kuna mageti mengi yanayofanana, usigonge ovyo. Tega sikio kwanza. Palipo na pi-pi-pi, piga hodi.