Udongo Niachie Mimi

Shamba la Hruska,
Barabara ya Turkey Creek,
Wilber, Nebraska.
16 Februari 2019

Mpendwa Dada Marketa,

Salamu nyingi kutoka kwenye theluji. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichokitaja kimekuachia. Sisi hatujambo. Goti la Bibi Bozena linamsumbua kila upepo ukigeuka, lakini bado anapanda ngazi za kanisa bila kushikwa mkono, na atakayejaribu kumshika atajuta. Ng'ombe wameanza kuzaa, kwa hiyo Baba analala na viatu. Mama anasema anakukumbuka kila akikanda unga wa kolache, vile vimkate vyetu vya matunda, maana wewe ndiye uliyekuwa ukimaliza plamu kabla hazijaingia kwenye mkate.

Najua ungependa nikupigie simu. Lakini kwenye simu huwa nasema ndiyo, ndiyo, sawa, halafu nakata, na maneno yote niliyotaka kusema yananijia nikiwa zizini. Afadhali kalamu.

Barua yako ya Januari nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Nitasema ukweli: imenikosesha raha. Unaniandikia kwa wepesi tu kwamba unalala chumba kimoja na Dezbah, Mnavaho, wa wenyeji wa asili wa nchi hii, aliyelelewa na bibi yake mfuga kondoo. Kwamba anayekaa mbele yako darasani ni mzee, dereva wa treni aliyestaafu, anayesomea falsafa kwa sababu njiani alipata muda mwingi wa kufikiri. Kwamba pacha wa Kihmong, ambao wazee wao walitoka milima ya Asia, wa ghorofa ya chini wanachukua shahada ya kuchezesha vikaragosi. Hapa shuleni kwetu tofauti kubwa kati ya wanafunzi ni nani babake analima mahindi na nani soya, na hata hao mwaka unaofuata wanabadilishana.

Kumbe kuna shahada ya nyasi za viwanja vya mpira. Kumbe kuna ya kusimamia mazishi, na ya kuchachusha bia. Wewe unapita katikati ya hayo yote kama mgeni wa heshima kwenye meza ya harusi, unaonja hiki, unaacha kile. Mimi nanusa tu.

Sasa nikupe kichekesho, ingawa mimi sikucheka. Kwenye kadi ya Krismasi ulimwandikia Bibi kwamba wewe "bado hujatangaza". Mimi na wewe tunajua kwamba ndivyo chuo kinavyomwita mwanafunzi ambaye hajachagua fani. Bibi hajui. Alilipeleka neno hilo kwenye ukumbi wa kanisa, kwa akina mama wa kolache, na Bi. Albina Zajicek akawaeleza kwamba mpwa wake alipokuwa jeshini naye alikuwa hatangazi. Ukiona hivyo, alisema, ni mambo ya serikali. Jumapili iliyopita Padri akaomba mbele ya kanisa zima kwa ajili ya binti yetu aliye mbali, na kazi yake ambayo haruhusiwi kuitangaza. Watu waliitikia kwa sauti kubwa kuliko siku tuliyoombea mvua. Nami niliitikia, nikiwa nimeuma meno.

Mezani Mama akauliza kwa nini mimi siombewi, na shule naimaliza mwaka huu. Bibi hakuinua hata macho kwenye supu.

"Lida? Huyu alishatangaza tangu darasa la tatu. Matope. Mungu anajua, sisi tunajua, na mashine ya kufulia inajua."

Walicheka wote. Ni kweli, Dada, ndiyo maana iliniuma. Wewe mwenyewe ndiye uliyeniita Fuko kwa sababu ya chupa zangu za udongo chini ya kitanda. Kumbe ukijua unachokitaka, hakuna anayekuombea.

Baada ya chakula wakaniambia niwasomee barua yako kwa sauti, kama tunavyofanya siku zote. Nilisahau kuruka ule mstari. Mdomo ulifika kabla ya akili: kwamba huenda ukatangaza sayansi ya udongo, kwa kuwa mwalimu ni mcheshi na darasa hutoka nje juani.

Hukujua, maana nilitaka kukushtukiza, lakini chuo chenu kimenikubali, kwa udongo huohuo. Natakiwa kujibu kabla ya Mei, na Baba alikuwa amekaribia kusema ndiyo. Aliposikia mstari ule akaweka uma chini.

"Basi, ukoo mmoja unahitaji madaktari wa matope wangapi? Shamba likitushinda, Marketa tutampigia simu. Wewe nenda chuo cha mji wa jirani, usomee uuguzi, ulale kwako."

Alisema kwa upole, huku akiniongezea viazi. Angefoka ningemjibu.

Kwa hiyo nimekuonea wivu wiki nzima, na sijapona. Hata Dezbah namwonea wivu, mtu ambaye sijawahi kumwona. Sikuombi uniachie kwa kunihurumia. Naomba ufanye jambo moja. Toka nje ya bweni, chukua udongo kidogo, uulowanishe, uukande, kisha uusukume kwa kidole gumba mpaka utoke kama utepe. Jaribu wa bondeni, kisha wa kilimani, uone ni upi unaokatika mapema, na ujiulize kwa nini. Ukisahau kwenda kula, basi tangaza, nami nitamwambia Baba mwenyewe kwamba daktari wake wa matope ameshapatikana. Lakini ukikumbuka chakula, na nakujua wewe, Dada, chagua chochote kingine kwenye meza hiyo. Udongo niachie mimi. Kisha mwandikie Baba, kabla ya Mei.

Msalimie mama yako, Shangazi Irena, ukizungumza naye, na Dezbah, ambaye hana kosa. Bibi, Mama na Baba wanakusalimu. Mungu akulinde katika kazi yako ya siri. Maana halisi ya "hujatangaza" sijamwambia mtu.

Binamu yako akupendaye, hata wiki hii,

Lida (Fuko)