Jina Nililolifuta

Jumanne, kiangazi. Tangu asubuhi upepo unavuma kutoka upande wa migodi, na vumbi jekundu limeingia hadi kwenye vitabu nilivyovipangusa jana. Sina hasira. Nilikuwa nayo juma zima, imeisha, na kilichobaki ni kigumu kuliko hasira.

Leo nimepewa karatasi ya kujieleza. Miaka kumi na minane ndani ya maktaba hii ya Kolwezi, sijawahi kupewa hata moja.

Acha niandike ilivyokuwa, nikianza na kosa langu.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja anayeuza makayabo sokoni, wale samaki wa chumvi. Alikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani yake nakala mbili za kitabu chembamba alichokiandika mwenyewe na kukichapisha Lubumbashi. Kwenye jalada: Esta wa Mutoshi. Nilimpa fomu tunayojaza tukipokea vitabu. Inauliza jina kamili, jina la baba, na mahali pa asili. Aliijaza yote, kisha akaweka kiganja juu yake kabla sijaichukua.

"Hii jina nakupatia weye, mama," aliniambia. "Haiko ya bantu bote. Pa kitabu, mi ni Esta."

"Nimesikia, mama. Itabakia hapa."

Nilikisoma kitabu chake siku hiyo hiyo, nikiwa nimesimama kati ya rafu. Kinaeleza majuma waliyokaa stesheni baada ya kufukuzwa, yeye na wazazi wake na umati wa wengine, wakingoja gari la moshi la kuwapeleka Kasai, nchi ambayo yeye hakuwahi kuiona. Babu yake ndiye aliyeletwa kutoka kule kuchimba shaba. Baba yake alizaliwa Mutoshi, hapa hapa Kolwezi, na yeye pia. Mdogo wake alizikwa kando ya reli, mahali ambapo gari lilisimama siku mbili bila maji. Anaeleza pia nyumba waliyoiacha, na mtu aliyeketi mlangoni asubuhi ile ile waliyotoka, juu ya kiti chao. Hamtaji kwa jina. Anasema tu kwamba alikuwa rafiki wa baba yake.

Yeye alirudi akiwa mtu mzima. Hakuitwa na mtu, alirudi tu, akapanga meza yake sokoni.

Wa Mutoshi. Kwa wale waliomwambia kwamba si wa hapa, hilo ndilo jibu lake lote.

Na mimi nikafanya nini? Kanuni zetu zinasema mwandishi aorodheshwe kwa jina analotumia kwenye vitabu vyake. Hapo hapakuwa na shida. Lakini kadi ya mwandishi, ndani ya kompyuta, ina mstari wa pili, wa jina la kuzaliwa, kama linajulikana. Mimi nilikuwa nalijua. Nikaliandika.

Nilijiambia kwamba hakuna msomaji anayeangalia mstari ule. Ukweli ni kwamba nilipenda kadi yangu ikamilike. Sipendi kuona mstari mtupu. Ndivyo nilivyofundishwa, na nimejivunia hilo kwa miaka mingi, mbele ya wenzangu ambao huacha kadi nusu nusu.

Wiki mbili zilizopita alikuja mwanamume wa makamo, shati lake limepigwa pasi vizuri, akakiomba kitabu kile. Aliurudia ukurasa mmoja mara nyingi. Kisha alikwenda kwenye kompyuta ya wasomaji, akaandika Esta wa Mutoshi, na chini yake lile jina jingine likatokea. Alilisoma kwa sauti, chumba kizima kikasikia.

"Kumbe ni ule mama wa makayabo," alisema. "Na hii nyumba anaandika humu ni ya baba yangu."

Nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Niliendelea kupanga vitabu.

Siku ya tatu, mama alipofika sokoni alikuta maandishi ya makaa juu ya meza yake: RUDIA KWENU. Siwezi kuapa ni nani aliyeyaandika. Ninachojua ni nani aliyemwonyesha mtu njia.

Alikuja maktaba siku hiyo hiyo, mikono bado ina weusi wa makaa, na hakupaza sauti.

"Nilikuomba kintu kimoja tu," aliniambia.

"Ni mi niliandika, mama. Unisamehe."

"Juu ya nini uliandika?"

"Ni sheria ya kazi."

Alivuta kiti, akakaa. "Ile mwaka balitufukuza, nabo balikuwa na sheria," alisema. "Karani alikuwa na karatasi ya majina. Anasoma, mutu anasikia yake, anatoka mu nyumba. Alikuwa anaandika muzuri sana, ule karani. Hakuruka hata mutu mumoja."

Karatasi ya namna hiyo nami niliiona kwa macho yangu. Nilikuwa na miaka kumi. Migodi ilikuwa imeanza kuporomoka, mashine zinasimama moja baada ya nyingine, na wakubwa waliwaambia watu kwamba wa kulaumiwa ni wale wa Kasai. Asubuhi moja darasani mwalimu alikuwa anaita majina. Alifika kwenye jina la Ntumba, mtoto wa Kasai niliyekaa naye benchi moja, akalipiga mstari, akaita linalofuata. Hakuna aliyeuliza Ntumba yuko wapi. Mimi nilisogea katikati ya benchi, kwa kuwa sasa palikuwa na nafasi.

Nilisogea. Hilo ndilo nililolifanya.

Basi nilifungua kadi mbele ya mama, nikamgeuzia kioo cha kompyuta aone, nikafuta. Kwenye mstari wa jina la kuzaliwa niliandika: halijulikani. Kisha nilitoa fomu yake kwenye faili, nikampa mkononi. Aliikunja mara nne, akaifunga kwenye ncha ya kitenge chake, akaondoka bila kuniaga. Sikutegemea aniage.

Jana mkuu wetu, Kalenga, ambaye sote tunamwita Tata, yaani baba, alikuwa anapitia orodha kabla ya kuituma Lubumbashi, akaikuta kadi ile. Si mtu mbaya. Aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Mama Beatrisi, hapa umeandika halijulikani. Lakini weye unalijua."

"Mi nalijua, tata. Maktaba hailijui."

"Ni uongo mu kadi."

"Ndiyo, ni uongo."

"Na fomu yake iko wapi?"

"Nilimurudishia mwenyewe."

Alishika kichwa kwa mikono miwili. Aliniuliza kama najua maana ya kutoa karatasi ya maktaba nje. Nikamwambia najua. Akalainisha sauti: "Rudisha jina, mama, tumalize. Hakuna mutu atajua kama tulibishana."

"Sitarudisha, tata."

Nilishangaa jinsi lilivyotoka kirahisi. Miaka yote mimi ni mtu wa "ndiyo, tata".

Asubuhi hii, basi, karatasi ya kujieleza. Nafasi ya majibu ni ukurasa mzima. Nilifikiria kueleza mambo ya stesheni, ya sokoni, ya mwalimu wangu. Mwishowe niliandika sentensi moja: Nilifuta jina hilo kwa hiari yangu, nikiijua kanuni, na sitaliandika tena. Nikatia sahihi na jina langu kamili, kwa sababu langu mimi sijaomba lifichwe.

Tata Kalenga alilisoma jibu akiwa amesimama. Aliniambia kwamba kuanzia kesho naacha kazi ya orodha, nashuka depo, ghala la chini, kwenye magazeti ya zamani. Nilimuuliza: na kadi? Aliitia karatasi yangu kwenye droo.

"Kadi itabakia vile iko," alisema. "Mi hilo jina silijui. Na usinifundishe."

Jioni nilipita sokoni. Mama ameisugua meza kwa mchanga na sabuni mpaka mbao imekuwa nyeupe, na yuko pale pale alipokuwa. Nilinunua makayabo. Alinifungia, akaniongezea kipande kimoja juu. Sijui kama huo ni msamaha. Sitamuuliza.

Inauma kuondolewa kwenye kazi niliyoipenda. Sitajifanya haiumi. Kadi za maktaba ile karibu zote nimezigusa mimi, na sasa atakuja mwingine azipange anavyotaka. Lakini nikiulizwa kuchagua tena, nachagua hivi hivi.

Depo haina dirisha, na panya wamo. Nitashuka. Na yeyote atakayeshuka kule kuniuliza kitabu kile kiliandikwa na nani, nitamjibu nikiwa nimesimama: kiliandikwa na Esta wa Mutoshi. Jina jingine sina la kumpa.